Vishikwambi Sita na Ndoo ya Visoda: Tathmini Kutoka Darasa la Pili, Muheza

Mwenye haraka nimpe hukumu mapema aende zake. Kama una laki mbili mkononi na darasa lenye watoto sabini, usikimbilie kununua kishikwambi. Okota visoda, omba trei za mayai, tafuta uzi wa mkonge, na hela iliyobaki itunze. Lakini kama vishikwambi tayari unavyo, kaa kidogo usome, maana kuna kazi mbili tatu za hesabu ambazo vinanishinda mimi mwenye cheti cha ualimu.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali hapa Muheza. Nawapokea watoto darasa la kwanza, nawafuata hadi la pili, kisha nawaachia wenzangu. Mwaka huu ninao 71. Ukiwabana watatu watatu kwenye dawati wanaenea, na ukiwaambia wote kwa pamoja watoe vihesabio, kelele inafika barabarani.

Vifaa ninavyovipima hapa ni vya makundi mawili. Kundi la kwanza ni vishikwambi sita. Kimoja ni kile nilichokabidhiwa kama mwalimu, katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 na baadaye vikagawiwa walimu nchini. Vitano vilinunuliwa Kariakoo kwa michango ya wazazi, pamoja na mkono wa mtu aliyesoma shule hii akafanikiwa. Ni vya inchi 8, kimoja TSh 165,000. Chapa siitaji, kwa sababu ukirudi mtaa uleule mwezi ujao utaikuta plastiki ileile imebandikwa jina jingine. Kundi la pili ni vitu vya kushika: visoda, vijiti, komwe, trei, na sanduku moja la zana tulilonunua dukani, ambalo nitalifikia na nitalisema.

Programu ya hesabu iliyokuja ndani ya vile vitano niliifuta wiki ileile. Ilikuwa ya Kiingereza, mwanamke anaongea kama anawahi basi, na ukiwasha data tu, kila baada ya maswali machache linaruka tangazo la mchezo wa magari. Mtoto wa miaka saba hajui tangazo ni nini. Kwake kila kinachong'aa ni sehemu ya somo, basi anabonyeza, na ukigeuka dakika moja unakuta kundi zima linaendesha magari na hesabu imeshasahaulika. Ushauri wangu kwa anayenunua vifaa vya bei hii: hesabu kwamba umenunua kioo na betri. Kilichowekwa ndani kifute, uanze upya.

Cha kuweka kipo, tena kina historia na mkoa wetu ambayo hata walimu wengi wa hapa Tanga hawaijui. Kati ya mwaka 2014 na 2019 palifanyika mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyofadhiliwa na Elon Musk, na majaribio yake yalifanyika hukuhuku Tanga, kwa ushirikiano wa serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Timu tano za fainali zilipewa kazi moja: tengenezeni programu ya Kiswahili itakayomfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu na bila intaneti. Google ilitoa vishikwambi vya Pixel C, vikapelekwa kwenye vijiji vipatavyo 170 kwa watoto wapatao 2,700, na humo vijijini vikawekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Majaribio yalichukua miezi 15. Kabla hayajaanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na hesabu nazo zilipanda. Tarehe 15 Mei 2019 washindi wakatangazwa wawili kwa sare, Kitkit School ya kampuni ya Enuma na onebillion ya London, kila mmoja akaondoka na dola milioni 5. Zuri zaidi kwetu sisi ni sharti la mashindano: timu zote za fainali ziliweka wazi msimbo wa programu zao, yeyote autumie bila kulipa.

Kijana mmoja fundi wa kompyuta pale Tanga mjini ndiye aliyenihangaikia kuziweka. Nimezitumia zote mbili za washindi. Zinaongea Kiswahili, hazidai bando, na mtoto anaweza kuzianza bila mimi kumsimamia kichwani, jambo ambalo mwalimu wa watoto 71 analijua thamani yake. Kwa upande wa programu sina malalamiko.

Ila hapo pana jambo la kuzingatia kabla hujaenda kwa Mwalimu Mkuu na takwimu za vijijini. Watoto wale kila mmoja alipewa kishikwambi chake, akashinda nacho. Hata ule utafiti wa Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham kuhusu programu za onebillion kule Malawi, uliochapishwa mwaka 2015 na ukaonyesha watoto wamepanda kihesabu, ulimpa kila mtoto kifaa mkononi kwa muda wake. Mimi ninavyo sita kwa 71. Ukitaka kujua kishikwambi kinafanya nini kwenye darasa la kweli la Tanzania, swali lako liwe juu ya mtoto wa pili na wa tatu waliokaa pembeni ya yule anayebonyeza.

Nilianza kwa kuwaweka watatu kwa kifaa. Mmoja anagusa, mmoja anaangalia, wa tatu anaangalia mbuzi dirishani. Wakiwa wawili mambo yanabadilika, na utaratibu niliofikia ndio ninaousifu kuliko kifaa chenyewe. Nimegawa darasa makundi sita ya watoto kama kumi na wawili. Kipindi chetu cha madarasa ya chini ni dakika 30, kwa hiyo hesabu nimeziomba zikae vipindi viwili vinavyofuatana. Kila siku makundi mawili yanapokezana vishikwambi, mengine yapo kwenye vijiti, duka au daftari. Kila kundi linafikiwa mara moja au mbili kwa wiki. Na wakikaa wawili, kioo kinakuwa katikati na pembeni yake trei na visoda. Anayegusa haruhusiwi kujibu mpaka mwenzake ameshapanga swali lilelile kwa visoda na wote wawili wamekubaliana. Swali linalofuata wanabadilishana.

Usinione nimekazania visoda kwa ubahili. Chukua 8 + 5.

Trei ya mayai ya kawaida ina mashimo 30, sita kwa tano. Ikate kwa mkasi mara mbili, unapata vipande vitatu, kila kimoja kina safu mbili za matano, yaani mashimo kumi kamili, na kisoda kinaingia shimoni vizuri kabisa. Mtoto anaweka visoda vinane kwenye trei. Anaona mashimo mawili yamebaki wazi. Anavyo vitano mkononi. Sasa hapo ndipo kichwa kinapofanya kazi: anatoa viwili vitatu, anaviangalia, anachomeka viwili, trei inajaa, anabaki na vitatu kiganjani. Kumi na tatu. Hajahesabu moja, mbili, tatu mpaka mwisho. Ameona kumi ikijaa kwa mkono wake mwenyewe, na kesho ukimuuliza 9 + 4 utamwona anaangalia juu, vidole vinacheza hewani kama anachomeka kisoda kisichokuwepo.

Kwenye kioo mchoro wa namna hii upo, na ni mzuri. Lakini programu nyingi za watoto zina haraka ya kusaidia: mtoto anagusa, vitu vinaruka vyenyewe vinajipanga kumi, kengele inalia, hongera. Kitu kimekwenda mahali pake bila yeye kuamua kiende vingapi. Nimewaona watoto waliomaliza mazoezi hayo yote kwa nyota kibao, nikiwapa trei tupu na visoda wanaanza kuhesabu upya kutoka moja. Wakishapita kwenye trei kwanza, kishikwambi kinakuwa kitamu sana, kwa sababu sasa wanatabiri. Utasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Subiri, viwili vitapanda juu, tazama." Vikipanda, wanapigana viganja.

Halafu kuna mchezo wa kuficha, ambao hauna programu inayouweza. Visoda kumi mezani, wawili wanatazamana. Mmoja anafumba macho, mwenzake anachota kadhaa na kuficha mgongoni. "Nimeficha vingapi?" Vimebaki sita, basi umeficha vinne. Watoto wanadanganyana, wanaficha kimoja kwenye soksi, wanadaiana, wanahesabu tena kwa hasira kuthibitisha. Jozi zote za kumi zinaingia kichwani bila mimi kuandika kitu ubaoni. Tena ukikosa komwe za bao, visoda vinatosha. Ukiwa nazo, tumia komwe, watoto wa pwani wanazipenda mkononi kwa ule ulaini wake. Mimi huziweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kuzihesabu kila jioni, maana komwe zina tabia ya kuhamia mifukoni.

Kwenye kutoa ndipo tofauti ilipo kubwa kabisa. 42 − 17. Kila mwalimu wa la pili analijua jibu la 35 linatoka wapi: mtoto anaona 2 haitoshi kutoa 7, basi anageuza, 7 kutoa 2, anapata 5, kisha 4 kutoa 1. Kishikwambi kikipewa 35 kinasema jaribu tena. Kinasema kwa upole, hakichoki, hakinuni, lakini hakijui kwa nini. Mtoto anajaribu 36, 34, anabahatisha mpaka ipite.

Sasa mpe vijiti. Vijiti vyetu ni vya fito nyembamba, urefu wa kidole cha kati, kila kumi tumevifunga kwa uzi wa mkonge. Muheza uzi wa mkonge hauna bei, na hautelezitelezi kama mpira. Anachukua mafungu manne na vijiti viwili. Nataka nichukue kumi na saba. Fungu moja ananipa bila shida. Zimebaki saba, na yeye ana vijiti viwili vya peke yake. Mwaka huu mtoto mmoja wa kike alikaa akanitazama, akasema, "Mwalimu, huku havitoshi." Nikamwambia na haya mafungu je? "Hayo ni matatu tu." Kwake fungu lilikuwa kitu kimoja, kama chungwa. Hakuwa anaona kumi ndani yake, pamoja na kwamba alilifunga yeye mwenyewe. Nilimwambia fungua moja. Alisita, kufungua alikuona kama kuharibu. Alipofungua vikamwagika kumi mezani, akaanza kucheka, akanihesabia saba zangu akabaki na mafungu mawili na vijiti vitano.

Jambo lile nisingelijua kwa kutazama kioo. Maksi zake kwenye kishikwambi zilikuwa za kawaida, si mbaya. Vijiti ndivyo vilivyomsema. Ndiyo maana katika kutoa kwa kukopa sitoi vishikwambi kabisa mpaka kila mtoto nimemwona anafungua fungu mbele yangu. Baada ya hapo, mazoezi ya kurudia rudia yaende huko kwenye kioo, kwa moyo mweupe, kwa kuwa maswali mengi ya aina moja kuandika ubaoni na kusahihisha kwenye madaftari 71 ni kazi ya kunimaliza mgongo.

Nikisifie kishikwambi mahali kinapostahili. Kwanza, kuandika tarakimu. Watoto wanaogeuza 3 na 7 nyuma mbele nilikuwa nawashika mkono mmoja mmoja, na nikifika wa kumi wa kwanza ameshasahau. Kwenye kioo anafuatisha kwa kidole, akikosea njia mstari haukubali, anarudia, na hakuna jirani anayemcheka. Mabadiliko kwenye madaftari yanaonekana kwa macho. Pili, wale wanyamavu. Nina mtoto ambaye mbele ya darasa hafungui kinywa hata ukimbembeleza; akivaa hedifoni anahesabu kwa sauti kwa raha zake mpaka namwambia punguza. Kuna aina ya uvumilivu ambayo mtu mwenye watoto 71 hawezi kuwa nayo, hata kama ni mcha Mungu, na mashine inayo. Tatu, na hili ndilo sababu kuu sitaviuza: vikiwa vimewashika watoto kumi na wawili kimya, mimi napata nafasi ya kuinama kwenye vijiti na wale wengine. Yule mtoto wa fungu ningempata saa ngapi?

Sasa sanduku la dukani. Tulilinunua TSh 85,000, mfuniko umechorwa watoto wenye furaha. Ndani: abakasi moja (fremu ya nyaya zenye shanga za kuhesabia), kadi za namba, maumbo ya plastiki, na vipande vya makumi na mamoja, vile vilivyoenezwa na Mhungari Zoltán Dienes na ambavyo sasa vipo shule nyingi duniani. Maumbo ni mazuri, sina neno. Pembetatu, mstatili, mraba, wanavipanga wanatengeneza nyumba na malori. Kadi za namba zimechapishwa 6 na 9 bila mstari wa chini, kwa hiyo hakuna ajuaye kadi ipi ni ipi, mpaka nilipozichora mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Na abakasi, jamani: waya mmoja una shanga tisa badala ya kumi. Aliyegundua ni mtoto, siyo mimi wala mwenye duka. Nilipompigia huyo bwana kumweleza, akaniuliza kama nimezihesabu vizuri. Mimi! Tumeigeuza sasa kuwa mazoezi: kila mgeni anayeingia darasani anaulizwa atafute waya wenye kasoro.

Vipande vya Dienes nina maoni nusu kwa nusu. Ule mhimili wa kumi, yaani kile kipande kirefu cha vidogo kumi, umeunganishwa moja kwa moja, haufunguki. Ukihitaji mamoja inabidi uende "benki" ubadilishe mhimili mmoja kwa vidogo kumi. Mtoto ambaye bado anaona fungu ni kitu kimoja, hapo unamzidishia giza. Mtoto aliyeshafungua na kufunga uzi wa mkonge wiki kadhaa, anavielewa papo hapo na anakwenda navyo kasi zaidi, kwa sababu havimwagiki. Kwa hiyo vinunue, lakini visiwe vya kwanza. Na vidogo vyake ni vidogo kweli. Watoto wa darasa la kwanza wenye tabia ya kutia vitu puani wasivione.

Duka la darasa nalitaja kwa ufupi kwa sababu kila mwalimu analo lake. Maboksi matupu ya majani ya chai, pakiti za sabuni, chupa za maji, bei zimeandikwa kwenye vipande vya karatasi, na fedha za kukata za karatasi pamoja na sarafu chache za kweli za shilingi 50, 100, 200 na 500 ili wazizoee kwa mkono. Kurudisha chenji ndiyo hesabu pekee ambayo watoto wangu wanagombea kuifanya. Mtoto wa mwenye genge anawashinda wote, na hata mimi ananishinda.

Kishikwambi changu cha kazi kina kazi yake nyingine. Nina vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinanisaidia kuandaa somo nyumbani bila kubeba mzigo. Pia nina video chache za Ubongo Kids na Akili and Me, vipindi vya Kiswahili vinavyotengenezwa Dar es Salaam. Akili ni wa watoto wadogo zaidi ya wangu, lakini nyimbo za kuhesabu wanaziimba mpaka la pili. Kioo cha inchi 8 kwa watoto 71 hakionekani, kwa hiyo nimeshaacha kuwaonyesha. Nimeunganisha spika ndogo, tunasikiliza na kuimba na kupiga makofi kwa mbili mbili na tano tano. Picha hawajaikosa sana.

Mambo ya usumbufu niyapitie haraka. Kelele: vishikwambi sita vikisema hongera kwa wakati mmoja utatafuta mlango. Hedifoni za TSh 5,000 zinafaa, na kuna waya mdogo wa kugawa sauti unaoruhusu wawili wasikilize kifaa kimoja; bila huo ule utaratibu wangu wa wawili wawili haufanyi kazi. Chaki: vumbi lake likikaa kwenye vidole kioo kinakuwa kiziwi, kwa hiyo nina kitambaa chenye unyevu mlangoni. Chaji: soketi inayofanya kazi iko ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na yeye ana birika lake la chai. Nachajia nyumbani usiku, asubuhi naja navyo mkobani na kanga imevizunguka. Betri za vile vya Kariakoo zinamaliza vipindi viwili bila wasiwasi, vipindi vinne hapana. Kava za mpira nunua siku hiyohiyo unaponunua kifaa, kabla hujatoka dukani. Kimoja changu kina ufa wa pembeni na kinafanya kazi, ila kidole kikipita pale watoto wanasema kinauma.

Kuhusu wazazi, nimepata wa aina mbili. Wapo wanaodhani mtoto akishika kishikwambi anacheza, na hao ukiwaonyesha daftari wanatulia. Wagumu ni wale wengine. Baba mmoja alikuja ofisini, amevaa vizuri, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, samahani, sisi tumechangia vishikwambi. Mbona mwanangu nyumbani anaomba visoda?" Nikamkaribisha darasani. Alikaa kwenye lile dawati fupi magoti kidevuni, mwanawe akampigisha mchezo wa kuficha, akafungwa. Kesho yake alileta ndoo nzima ya visoda kutoka kwenye baa ya rafiki yake, na vilikuwa bado vinanuka. Chemsha, ukaushe juani, na zile kingo kali zigongegonge kwa nyundo kidogo kabla hujawapa watoto.

Alama zangu, kwa anayependa alama. Programu za Kiswahili zilizotoka kwenye mashindano ya Tanga: 8 kati ya 10, na kwa kitu cha bure hiyo ni nyingi. Vishikwambi vyenyewe vya Kariakoo: 6. Sanduku la dukani: 4, na hizo ni za maumbo na vipande vya Dienes. Vijiti na uzi wa mkonge: 9, moja nimeipunguza kwa sababu ya muda wa kufunga upya mafungu jioni, kazi ambayo watoto wanaidharau. Trei na visoda: 10.

Ukiwa na laki mbili zile za mwanzo, mgawo wangu ungekuwa huu. Mikasi miwili, kalamu ya wino mzito na uzi, tuseme TSh 15,000. Maumbo ya plastiki peke yake, bila sanduku, TSh 20,000 ukijua kupatana. Vipande vya makumi na mamoja seti mbili, karibu TSh 50,000. Zinazobaki zitunze, uziunganishe na za mwaka kesho ndipo ununue kishikwambi kimoja cha maana badala ya viwili vya kubahatisha, na kabla hujalipa mwambie muuzaji akiwashe, azime data mbele yako, ufungue programu ya Kiswahili uliyokuja nayo kwenye kadi ya kumbukumbu, uone kama inakwenda. Akikuambia kadi ya kumbukumbu haitakiwi kuingizwa kabla ya malipo, vuka barabara uende duka la pili.

Trei za mayai mimi nazipata bure kwa muuza chipsi wa stendi. Ukimwambia ni za shule hakatai, ila mwahi kabla ya saa tisa alasiri, maana baada ya hapo anaziwashia mkaa.